Baiskeli kwa siku moja Unguja, mbali na magari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina nyingi: wazazi wanaotaka kutoka na watoto Jumamosi, wafanyakazi wa ofisini waliokaa muda mrefu bila mazoezi, na wageni wa kutoka Bara na ng'ambo. Karibu wote wanataka kitu kimoja. Wanataka kuendesha taratibu, wasisukumwe pembeni na gari, na warudi nyumbani kabla ya magharibi. Majibu yameandikwa kwa ajili yao. Anayetafuta mbio za baiskeli hatopata cha maana hapa.

Nimesikia nchi za nje watu huendesha baiskeli kwenye njia za treni za zamani. Ni kitu gani hasa?

Treni zikiacha kupita, reli na mataruma hung'olewa, likabaki tuta. Tuta hilo husawazishwa, likamwagwa lami au kokoto laini, na magari huzuiwa yasiingie. Ile ya Elroy-Sparta, jimbo la Wisconsin huko Marekani, ni miongoni mwa za mwanzo. Ni ya miaka ya 1960, ina urefu wa kilomita 51 hivi na inapita katika mahandaki matatu. Uingereza wana ya Bristol mpaka Bath, kama kilomita 21, na New Zealand wana ya Otago Central, kilomita 152, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2000.

Urahisi wa njia hizi unatokana na treni yenyewe. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza mlima ukiwa mkali, kwa hiyo wahandisi walikata vilima na kujaza mabonde mpaka njia ikawa haipandi zaidi ya mita 2 au 3 katika kila mita 100. Kona ni pana, na vituo vilijengwa karibu karibu, kwa hiyo maji na chakula haviko mbali. Bibi wa miaka 70 na mjukuu wake wa miaka 9 wanaenda pamoja bila mmoja kumchosha mwenziwe.

Yashike mambo hayo matatu: mwinuko mdogo, hakuna gari, na pa kupumzika pasipo mbali. Unguja yote matatu yapo, ila hayakuwekewa kibao. Inabidi uyatafute kwa kuchagua njia, saa, upepo na maji ya bahari.

Si Zanzibar nayo iliwahi kuwa na treni? Njia yake siwezi kuipita kwa baiskeli?

Iliwahi, tena mara mbili. Ya kwanza ni ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1879 kutoka Mji Mkongwe kwenda kwenye jumba lake la Chukwani. Mabehewa yalikokotwa na nyumbu kwanza, na mwaka 1881 ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Barghash alipofariki mwaka 1888 reli ile nayo ikafa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, ikitoka Ngome Kongwe, ikipenya mitaani mpaka inatoka mjini, na kuishia Bububu, kiasi cha maili 7. Abiria waliacha kubebwa mwaka 1922. Kwa miaka michache baadaye ilibeba mawe ya ujenzi, kisha ikang'olewa.

Leo hakuna tuta la kupanda na baiskeli. Upande wa Bububu kuna barabara kuu yenye gari za abiria tangu alfajiri, na upande wa Chukwani unapita karibu na uwanja wa ndege. Nasema hili kwa uchungu. Wanafunzi wa skuli, wauza samaki na mafundi wanaipita barabara ya Bububu kila siku kwa baiskeli, na wote wanabanwa kwenye ukingo wa lami. Kipande cha pembeni cha upana wa mita mbili, chenye ukingo wa kuwatenga na gari, kingewafaa wao kabla ya kutufaa sisi tunaotoka kutembea. Barabara zinapopanuliwa ndio wakati wa kulidai jambo hili, kwa sheha na kwa mwakilishi wa jimbo.

Basi niende wapi kwa siku moja?

Kwa mtu wa mjini nashauri mbili. Moja ni ya shamba: Bububu, Kidichi na Kizimbani. Nyingine ni ya pwani: Paje na Jambiani, kwenye mchanga maji yakishatoka. Ya kwanza unaweza kutoka nayo mlangoni kwako. Ya pili inataka usafiri wa gari kwanza, lakini ndiyo pekee isiyo na gari hata moja.

Ya Bububu na Kidichi ikoje?

Kutoka Darajani mpaka Bububu ni kama kilomita 10, na Kidichi iko kama kilomita 4 juu yake upande wa mashariki. Kwenda na kurudi ni chini ya kilomita 30. Ukienda mwendo wa kawaida, kilomita 10 mpaka 12 kwa saa, ni saa tatu tu za kukanyaga pedeli. Muda unaobaki ni wa kukaa, kula na kutazama.

Kipande cha kwanza ndicho kigumu, kwa sababu ya magari. Kuna njia mbili za kukiepuka. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kabla gari hazijajaa, au pakia baiskeli mpaka Bububu na uanzie hapo. Mwenye mtoto achague ya pili bila kujadili. Ukiipita alfajiri, usipite Maruhubi kama upepo. Ingia uone nguzo za jumba alilojenga Barghash, lililoungua mwaka 1899. Mbele kidogo ni Mtoni, jumba la Sultani Sayyid Said, baba yake Barghash, alipozaliwa binti yake Bibi Salme mwaka 1844. Vituo hivyo viwili vinaikata safari vipande vipande na miguu haichoki.

Bububu unakata kulia kuingia shamba, na hapo mambo yanabadilika. Barabara inakuwa nyembamba, kelele zinabaki nyuma, na pande zote ni minazi, migomba, mifenesi na mikarafuu. Inapanda, lakini pole pole. Ukiwa na gia weka nyepesi, na ukiwa na Phoenix ya kawaida isiyo na gia utapanda kwa kuinuka kidogo kwenye kiti. Kukiwa na msimu wa karafuu utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi ukingoni mwa njia, zile mbichi za kijani karibu na nyumba na zile zilizokwisha kukauka na kuwa za kahawia zikingojea kutiwa kwenye magunia. Usizikanyage kwa tairi hata kama jamvi limekula nusu ya njia. Shuka, kokota baiskeli, salimia, pita.

Kidichi kuna hamamu aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazadi. Nje ni jengo jeupe lenye kuba, hukadirii kitu. Ndani, kwenye chokaa ya ukutani, kuna maua na ndege waliochongwa kwa mtindo wa Kiajemi, jambo usiloliona katika majumba ya Kiomani ya zama hizo. Mkague ndege mmoja kwa karibu utaona jinsi fundi alivyoukata mkia wake kwa ncha. Weka pesa ndogo mfukoni kwa kiingilio.

Mwenye nguvu aendelee mpaka Kizimbani, palipokuwa na mashamba ya mwanzo ya mikarafuu Unguja. Asiyekuwa nazo ageuze hapo Kidichi, kwani kurudi Bububu ni mteremko mtupu. Angalizo ni moja: kuanzia saa tatu gari za watalii wa mashamba ya viungo huanza kupanda. Ukiwa umetoka mapema utakutana nazo wewe ukishuka.

Ya Paje na Jambiani ikoje? Kweli baiskeli inaenda juu ya mchanga?

Inaenda, na watu wa Jambiani wanaenda hivyo kila siku, wengine na ndoo ya samaki nyuma kwenye keria. Siri iko kwenye maji. Bahari ikitoka, huacha uwanja mpana wa mchanga mwevu uliokaza. Mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, huzamisha tairi, na ule wa chini kabisa una mikunjo na mwani. Pita katikati, pale ambapo ukikanyaga kwa mguu unyayo unaacha alama lakini hauzami. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, utaona tofauti papo hapo.

Kwa hiyo usipange safari hii kwa kalenda ya ukutani. Ipange kwa mwezi. Kwenye bamvua, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano na siku chache zinazofuata, maji hutoka sana, na kwetu hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Huo ndio wakati wenyewe. Ingia mchangani saa mbili, toka kabla ya saa sita. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo ukienda siku mbili baada ya mwezi kumi na tano, chelewesha ratiba yako kwa dakika 100 hivi. Maji mafu, kwenye mwezi saba na ishirini na mbili au tatu, bahari haitoki vya kutosha, na huko kutoka kwake kidogo huangukia alasiri. Siku hizo bora uende Kidichi.

Ukiwa na shaka muulize mvuvi au mama wa mwani, wao wanaishi kwa saa hizo. Na ukikuta mashamba yao ya mwani, vile vigingi vilivyopangwa mistari na kamba zake, zunguka kwa juu. Tairi ikikata kamba imekata kazi ya wiki nyingi ya mtu. Paje angalia pia kamba za wanaocheza na tiara za baharini. Zinakaza ghafla na hazionekani vizuri.

Ukianzia Paje, ukaenda Jambiani, ukarudi na kusogea mpaka Bwejuu kisha Paje tena, hutazidi kilomita 25, na hakuna mlima hata mmoja.

Baiskeli inafikaje huko?

Gari za shamba hupakia juu ya paa. Zungumza na utingo kabla baiskeli haijainuliwa, mkubaliane bei ya mzigo na nauli yako mbali mbali. Ondoa pampu na chochote kinachoning'inia, na hakikisha imefungwa kwa kamba ya mpira sehemu mbili, kwenye fremu, si kwenye spoku. Safari ya Paje ni kiasi cha kilomita 50 na huchukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo mapema ni bora. Kikundi cha watu wanne au watano mnaweza kukodi kipikapu, mkagawana. Kwa Bububu, gari ni 502, lakini asubuhi ya siku ya kazi utingo hatataka mzigo. Jaribu Jumamosi au Jumapili.

Upepo una umuhimu gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kisiwa hiki ni tambarare, hata kilele cha Masingini hakifiki mita 150, kwa hiyo kinachochosha si mlima, ni upepo. Kanuni ni moja: anza na upepo wa omo, yaani wa kukupiga mbele, ungali na nguvu, urudi nao mgongoni.

Kusi, kuanzia kiasi cha mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa, hutoka kusini. Kwa hiyo pwani anzia Paje uelekee Jambiani kwanza. Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, fanya kinyume: pakia baiskeli mpaka Jambiani na upande kaskazini wakati bado hujachoka. Safari ya Bububu haigeuziki kwa sababu mji uko kusini. Wakati wa kusi jua tu kwamba kwenda kutakudanganya kwa wepesi wake na kurudi kutadai. Rudi kabla ya adhuhuri.

Miezi gani ni mizuri?

Juni mpaka Agosti, wakati wa kipupwe. Jua si kali na njia ni kavu. Januari na Februari inawezekana, lakini saa nne uwe umeshaingia kivulini. Masika, Machi mpaka Mei, njia za udongo mwekundu za huko Kidichi na Dole hugeuka utelezi na udongo hujaa kwenye breki mpaka gurudumu halizunguki. Pwani hakuna tope, lakini mvua ya masika ikikukuta mchangani hakuna pa kujificha. Vuli si mbaya, mvua zake huja na kuondoka.

Nakodi. Nikague nini kabla ya kulipa?

Breki zote mbili, kwa kuisukuma baiskeli na kuzikamata moja moja. Zungusha kila gurudumu utazame rimu kwa pembeni: ikiyumba kushoto na kulia itagusa breki njia nzima. Bonyeza tairi kwa dole gumba. Tikisa pedeli, na pandisha kiti mpaka mguu ukaribie kunyooka ukiwa chini kabisa. Hili la kiti ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo linaloumiza magoti. Watu wazima wengi huendesha na kiti cha chini kama cha mtoto kwa sababu tu ndivyo walivyokabidhiwa. Fundi ana spana, mwambie akupandishie.

Muulize mwenye baiskeli wazi wazi: pancha ni ya nani? Mkubaliane kabla.

Nikipata pancha shamba?

Mafundi wapo karibu kila kijiji, chini ya mti au kibanda chenye matairi yaliyotundikwa. Beba hata hivyo tyubu moja ya saizi yako, pampu ndogo na viraka. Kati ya Bububu na Kizimbani hutakaa mbali na fundi. Mchangani, kati ya Paje na Jambiani, utakokota mpaka kijijini.

Mimi ni mwanamke na navaa baibui. Itawezekana?

Inawezekana, na wanaoendesha wanazidi. Hatari ni mnyororo na spoku za nyuma. Tafuta baiskeli ya fremu ya kike, ile iliyoinama katikati, yenye kava ya mnyororo iliyokamilika, siyo kipande. Vaa suruali pana ndani, pandisha baibui na uifunge kiunoni kwa mkanda au uibane kwa pini kubwa kwenye goti. Mtandio ufungwe nyuma, ncha zisipepee. Kama watu wanakutazama sana mwanzoni, nendeni wawili au watatu, macho hupungua.

Kwa wote, wanaume na wanawake: kaptula fupi na mabega wazi si mavazi ya kupita nayo vijijini. Suruali nyepesi na shati la mikono hukukinga na jua pia.

Watoto kuanzia umri gani?

Kwa pwani, mtoto yeyote anayeweza kusimamisha baiskeli mwenyewe. Mchanga ni mpana, akianguka hakuna gari nyuma yake. Kwa Kidichi ningesubiri afike miaka 10 hivi, aweze kushika upande wa kushoto wa barabara bila kuyumba. Mtu mzima mmoja mbele, mwingine nyuma. Kofia ngumu ya kukinga kichwa ni kwa wote, si kwa mtoto peke yake.

Chakula na maji?

Lita mbili za maji kwa mtu mzima. Njiani kuna madafu na juisi ya miwa, na msimu wa shokishoki na maembe utakula bila kubeba kitu. Asubuhi pitia chai na mkate wa kumimina au mihogo Bububu kabla ya kupanda. Usile shibe kamili kabla ya Kidichi, utaijutia kwenye mwinuko.

Wakati wa Ramadhani?

Mchana usile wala kunywa hadharani, hata kama hufungi. Wenyeji wengi hutoka baada ya swala ya alasiri na kurudi kabla ya futari, mwendo mfupi. Jitahidi usiwe barabarani dakika za mwisho kabla ya magharibi. Kila dereva anawahi nyumbani na hana subira. Ijumaa yoyote ya mwaka, panga mapumziko yako wakati wa swala ya mchana. Kuzunguka misikiti watu ni wengi na njia hufungwa na magari yaliyoegeshwa.

Na Mji Mkongwe wenyewe?

Vichochoro vingi gari haziingii, kwa hiyo alfajiri ni pazuri sana. Kuanzia saa mbili ni pa waenda kwa miguu. Shuka ukokote.

Pemba je?

Pemba ni vilima kweli kweli, panda shuka mtindo mmoja, na anayetaka siku nyepesi asianze na barabara kuu. Nenda Konde, uingie barabara ya udongo inayopita katikati ya msitu wa Ngezi kuelekea Vumawimbi. Ni kivuli karibu njia nzima, magari ni nadra, na mwisho wake ni ufukwe mweupe mtulivu. Lipia kwenye ofisi ya msitu, langoni.

Nifanye nini na baiskeli nikirudi kutoka pwani?

Usilale kabla hujaiosha. Maji matamu, siyo ya kisima chenye chumvi, kwa ndoo na kitambaa. Anza na mnyororo, kisha spoku, kisha nati za breki. Iache ikauke kivulini, halafu tia mafuta ya cherehani kwenye mnyororo, tone moja kwa kila pingili, zungusha pedeli kinyume na ufute yanayobaki. Ukiiacha na chumvi usiku mmoja tu, asubuhi mnyororo utakuwa na kutu nyekundu. Ukiikodi ikarudi hivyo, mwenyewe atakuwa na haki ya kukulalamikia.